Shemeji Hermani na Mvua ya Wastani

Watu wa Dongobesh wakikuambia kwamba marehemu shemeji yangu Hermani alikuwa mjinga, usiwaamini. Mjinga hawezi kupoteza mbegu ya ukoo mzima kwa kutumia hesabu. Kazi kama hiyo inataka mtu aliyesoma.

Mimi ni Nikolausi, kaka wa Benedikta, na Benedikta ndiye aliyekuwa mke wa Hermani. Kwa watoto wao mimi ni mjomba, na mjomba ana ruhusa ya kusema yale ambayo baba mzazi angependa azikwe nayo. Wapwa zangu wameniomba niandike maisha ya baba yao kwa heshima. Nimewajibu kwamba heshima ipo, nimeiweka pembeni, nitaitumia nafasi ikibaki. Nilisoma mpaka darasa la tatu, mwalimu akanisihi niache nisije nikamzidi. Hermani alifika la nne. Hilo darasa moja la zaidi ndilo lililotuletea taabu.

Alizaliwa upande wa juu wa Dongobesh, katika nyumba ya udongo ya zamani, zile zilizochimbiwa ndani ya mteremko mpaka mbuzi anatembea juu ya paa bila kujua kwamba chini yake kuna watu wanakula. Wamisheni walimpa vitu vitatu: jina la Hermani, kaptula, na hesabu ya kugawanya. Jina lilimkaa. Kaptula ilichanika. Kugawanya kulimwingia kichwani na hakukutoka tena. Tukikaa kunywa pombe yeye anagawanya: watu tisa, vibuyu vinne, kila mtu ngapi? Akipata jibu, vibuyu vitupu.

Vita vya Hitler vilipoanza ndipo alipomwoa dada yangu. Mama yetu alimpa Benedikta kibuyu cha mbegu aende nacho. Ndani yake kulikuwa na mtama mwekundu mfupi usiofika kiunoni, ambao mama alirithi kwa mama yake, na mahindi ya manjano, na ulezi, na maharage, na mbegu chache za maboga, vyote vimechanganyika kama watu kwenye mnada. Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Kibuyu kilitundikwa juu ya jiko kipate moshi, wadudu wasisogee. Siku ya kupanda mwanamke anaingiza mkono, anachota, anatia shimoni alichokipata.

Mama alimwambia, na mimi nilikuwepo: "Humu kuna anayependa maji, kuna anayeyachukia, na kuna asiyejali. Mungu akileta mwaka wa namna yoyote, yupo wa kumpokea mlangoni."

Hermani alilisikia neno hilo pia. Tatizo ni kwamba halikuwa na namba.

Basi, vita vikiwa bado vinaendelea, Serikali ya Mwingereza ikaleta kopo la mvua. Lilikuwa kopo la shaba lenye mdomo kama faneli, likafukiwa nusu karibu na baraza la jumbe, na Hermani akapewa kazi ya kulisoma kila siku saa tatu asubuhi kwa kichupa cha kioo chenye mistari. Siku za kiangazi pia alikwenda. Anainua kopo, anachungulia, anaona vumbi na mende mmoja, anaandika sifuri kwa mwandiko mzuri sana. Wanawake walisema kopo lile linakunywa mvua yetu kabla haijafika mashambani. Hermani aliwaambia kopo halinywi, linahesabu. Wakamjibu kwamba hata karani wa kodi alianza kwa kuhesabu tu.

Mwaka wa arobaini na nane, mwezi wa kumi, akaja Mzungu wa Serikali tuliyemwita Bwana Kilimo. Jina lake nimelisahau kwa makusudi. Akafungua kiti chake cha turubai, akachukua daftari la Hermani, akajumlisha mvua za miaka mitano, akagawanya kwa tano, kisha akatamka neno. Hermani alilipokea kama mtu anayepokea komunyo.

Siku hiyo ilikuwa ya mnada. Mimi nilikuwa kwenye baraza la duka la Zubery, fundi cherehani, Mwislamu ambaye baba yake alitoka Kondoa, mtu mpole mwenye ulimi unaokata kuliko mkasi wake. Hermani akaja mbio.

"Shemeji," akaniambia, hata salamu hajamaliza, "mvua imejulikana!"

"Imejulikana na nani?"

"Na Serikali. Ni inchi ishirini na tisa."

"Ya mwaka gani?"

"Ya kila mwaka. Inaitwa wastani."

Zubery akaondoa mguu kwenye cherehani. "Bwana Hermani, hebu nifundishe. Huyo Wastani ni mtu wa wapi?"

Hermani akaokota kijiti, akaandika vumbini: 41, 17, 33, 18, 36. Akasema hizo ndizo inchi za miaka mitano. Ukizijumlisha ni mia moja arobaini na tano. Ukigawanya kwa tano unapata ishirini na tisa. Na Bwana Kilimo amesema inchi ishirini na tisa zinatosha mahindi matupu, yapandwe kwa kamba, mstari baada ya mstari, bila uchafu mwingine wowote katikati. Shamba la Hermani ndilo litakuwa la mfano.

Zubery aliinama akazitazama zile namba kama anayetafuta sindano. "Sasa hiyo ishirini na tisa ilikuja mwaka upi?"

"Haikuja mwaka wowote. Ni wastani."

"Yaani haijawahi kunyesha."

"Haijawahi, lakini ndiyo yenyewe."

"Aa." Zubery akavuta utepe wake wa kupimia shingoni. "Mimi nikikupima wewe, halafu nikampima mwanao wa mwisho, nikashona shati la wastani, atalivaa nani?"

Baraza zima lilicheka, na mtu mmoja aliyekuwa anakunywa chai akamwaga. Hermani akafuta namba zake kwa mguu. "Zubery, wewe ni mtu wa nguo. Haya ni mambo ya kilimo."

"Sawa kabisa. Lakini mimi shati likikataa nalifumua. Wewe shamba utalifumuaje?"

Tangu siku ile akaitwa Bwana Wastani, na jina hilo, tofauti na kaptula, halikuchanika.

Sasa tazameni alichokifanya. Alitandika ngozi ya ng'ombe uani, akashusha kibuyu cha dada yangu juu ya jiko, na mfuko wa mbegu uliokuwa ghalani, akamwaga vyote, akaanza kuchambua. Mahindi huku, maharage kule, mtama mwekundu pembeni, ulezi pembeni zaidi. Punje kwa punje. Mmewahi kuchambua ulezi? Mchanga una afadhali. Alikaa pale siku kumi na moja, akitoka saa tatu kwenda kwenye kopo tu. Watoto walidhani baba yao ameugua ugonjwa wa macho. Benedikta alisimama mbele yake na mzigo wa kuni kichwani.

"Baba Joakimu, umepoteza nini humo?"

"Sijapoteza. Natenganisha. Bwana Kilimo anasema huu ni uchafu."

"Uchafu huo ulikulisha mwaka wako wa inchi kumi na saba."

"Mwaka ule haukuwa wa wastani."

"Na huu unaokuja?"

"Huu ni wa wastani."

"Umekuambia wenyewe?"

Hermani akainamia punje mbili zilizogandana. Mimi nilimwonya shemeji yangu vikali sana. Nilimwonya moyoni, kwa sababu siku ile alikuwa amenikaribisha nyama.

Alipomaliza alikuwa na mahindi safi kama meno ya ndama, na mfuko wa ngozi wa mtama mwekundu na ulezi ambao hakuutaka hata kuuona. Bwana Kilimo asije akaukuta. Mnada uliofuata akaubeba. Akakutana na Gidabuday, mfugaji wa Kibarabaig kutoka Hirbadaw, mzee mrefu mwenye bangili za shaba mkononi na dharau puani, aliyekuja na kondoo wawili, mmoja mnono mwenye mkia kama mto wa kulalia, na mwingine mwenye kikohozi.

"Nafaka hii nakuachia kwa kondoo," Hermani akamwambia.

"Sisi tunakunywa maziwa. Lakini mke wangu atapika pombe. Chukua yule." Akaonyesha mwenye kikohozi.

"Huyo mbaya."

"Na yule mwingine ni mzuri mno."

Hermani akafikiri, akatabasamu, akatoa elimu yake yote hadharani. "Basi nipe wa wastani."

Gidabuday aliuliza maana ya neno, akaelezwa kwa vidole. Kisha akatazama kati ya wale kondoo wawili, mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Wa wastani yule pale katikati. Ukimwona, mchukue."

Hermani akarudi nyumbani na mwenye kikohozi. Hakumaliza wiki. Tulimla haraka kabla kikohozi hakijammaliza chenyewe.

Mvua ikaanza vizuri mwezi wa kumi na moja. Wiki moja. Mahindi yakatoka kwa mistari iliyonyooka hivi kwamba watu walikuja kuangalia, na Hermani akasimama mwanzoni mwa shamba mikono nyuma, kama Gavana akikagua askari. Halafu mbingu ikafungwa. Desemba kavu. Januari kavu. Upepo wa mashariki ukawa unakuja mikono mitupu kila jioni. Zubery akimwona anatoka kwenye kopo anamwita:

"Bwana Wastani, habari za asubuhi? Kopo linasemaje?"

"Inchi saba mpaka leo."

"Na zile nyingine?"

"Zimebaki ishirini na mbili. Zipo njiani. Lazima zifike."

"Zimefika wapi sasa, Babati?"

Na Hermani alimaanisha, jamani. Alisimama barazani na kijiti chake akithibitisha kwamba kadiri jua linavyozidi kuwaka, ndivyo mvua iliyobaki inavyozidi kuwa kubwa, maana hesabu haiwezi kukosa kutimia. Mwezi wa nne zikaja siku mbili za manyunyu. Jumla ya mwaka mzima: inchi kumi na moja. Mahindi yakafa yakiwa wima kwenye mistari yao. Sijawahi kuona njaa iliyopangwa vizuri namna ile.

Majirani waliopanda mchanganyiko wao walipata kidogo, madebe mawili, matatu, kila nyumba imekumbatia yake. Usiniulize kwa nini Hermani hakuomba mbegu kwao. Mwaka wa njaa mtu atakupa binti yake kabla hajakupa mbegu. Na mtama ule mwekundu mfupi, unaoiva kabla jua halijakumbuka kuuchoma, haukuwa kwa majirani. Ulikuwa wa mama.

Benedikta hakupiga kelele. Ningependa angepiga, kelele ina mwisho. Aliwachukua watoto watatu na kibuyu, akatoka uani. Hermani akamfuata mpaka njiani.

"Mama Joakimu, unakwenda wapi?"

"Kibuyu hiki kiliingia kwako kimejaa mtama wa mama yangu. Siku kitakapojaa mtama uleule, nitarudi. Mvua mpya ikinikuta kwetu na kibuyu kitupu, usinifuate tena, tafuta mke wa wastani."

Akaja kwangu. Akakitundika kile kibuyu kitupu juu ya jiko langu, mahali ambapo kila nikila nakiona.

Najua mnachotaka kuuliza. Mbona nyumbani kwa mama mwenyewe mtama ule haukuwepo? Swali zuri, linaonyesha mmesoma. Ulikuwepo. Mama alipofariki aliniachia kibuyu chake kama alivyompa Benedikta. Sasa mimi nilikuwa kijana mwenye marafiki, na mtama mwekundu, naomba niwaambie ukweli, unatoa pombe ambayo haina mfano kutoka hapa mpaka Singida. Tulikunywa siku tatu. Watu bado wanaisifu. Benedikta aliponikumbusha jambo hilo, nilikohoa kama yule kondoo.

Kwa hiyo wanaume wawili tulioumaliza mtama wa mama, mmoja kwa hesabu na mwingine kwa kiu, tulikuwa na tumaini moja tu duniani: kwamba mke wa Gidabuday hakuupika wote. Mwezi wa kumi ukaingia, mawingu ya kwanza yakaanza kujikusanya kusini. Tukaanza safari ya Hirbadaw.

Ni siku mbili za miguu. Tulilala Gitting, chini ya mlima Hanang, kwa mtu wa ukoo wetu aliyetukaribisha kwa maji ya moto yaliyopitiwa na majani fulani. Mlima ulikuwa bado kichwa wazi. Watu wa kule wanasema Hanang akivaa kofia ya mawingu siku tatu mfululizo, ya nne utalowa. Hermani akataka kujua ni mara ngapi kati ya mara ngapi. Nilimwambia atangulie mbele, nimechoka kumsikia.

Gidabuday tulimkuta mlangoni pa boma lake la miiba akimtoa ndama kupe. Tulimwamkia kwa Kibarabaig, kwa sababu shikamoo ya Kiswahili aliiona ni kitu cha makarani. Yeye alijua Kimbulu, lugha yetu, cha kutosha kutukana, mimi nilijua Kibarabaig cha kutosha kukimbia, kwa hiyo mazungumzo ninayoyaandika hapa nimeyanyoosha kidogo.

"Wageni wa mbali," akasema, bila kuacha kupe zake. "Tulisikia kwenu mwaka huu watu wanalamba vumbi. Nikasema si kweli. Yule bwana ana inchi ishirini na tisa."

Hermani akachuchumaa karibu na ndama. "Mzee, ile nafaka niliyokupa. Mkeo aliipika?"

"Hakuipika. Tulifika hapa na mvua ile ya wiki moja. Ng'ombe tulikuwa tumewahamishia boma hili jipya. Mke wangu akaimwaga kwenye boma la zamani, juu ya samadi, kama mtu anayewatupia kuku. Tukaondoka na ng'ombe kutafuta maji. Tuliporudi, ndama walikuwa wanakula mtama wetu. Uliobaki tumevuna mifuko minne."

Mifuko minne! Mtu asiyeshika jembe tangu azaliwe! Nilimtazama Hermani, mkulima wa mfano, nikaona shavu lake linacheza.

"Mzee, tumekuja kuomba mbegu," akasema. "Mke wangu ameondoka. Hatarudi bila mtama huo, na mvua inakaribia."

Gidabuday akamwachia ndama. Akakaa vizuri. "Kabla ya hapo nisaidie. Lile neno lako. Wastani." Alilisema kwa Kiswahili, akalizungusha mdomoni kama tumbaku. "Mwaka jana mimi sikuwa na hata punje. Mwaka huu mifuko minne. Wastani wangu?"

"Miwili," Hermani akajibu mara moja, hata kabla sijamkanyaga. Ndiyo taabu ya mwanafunzi mzuri, haoni fimbo, anaona swali tu.

"Vizuri. Na wewe, mwaka jana ulivuna?"

"Mifuko kumi na miwili."

"Na mwaka huu?"

Hermani akaanza kuhesabu kupe waliodondoka.

"Sijasikia."

"Hakuna, mzee."

"Wastani?"

Hermani akatazama chini. Midomo yake ikagawanya yenyewe. "Sita."

"Sita!" Gidabuday akapiga paja, akamgeukia mkewe aliyekuwa anakamua. "Mama, njoo uone tajiri! Sisi tuna miwili, huyu ana sita. Ana chakula mara tatu yetu, naye ametembea siku mbili kuja kututembelea. Mwombe atuachie kidogo!"

Mke wake akaja, watoto wakaja, mbwa akaja. Hermani alisimama katikati yao na sita yake. Nilitaka kucheka na sikuweza, kwa sababu nilikiona kile kibuyu kitupu juu ya jiko langu.

"Mzee," Hermani akasema polepole, "hiyo sita hailiwi."

"Sema tena. Mke wangu sikio moja ni zito."

"Wastani hauliwi!"

Alisema kwa nguvu mpaka ng'ombe wakainua vichwa. Naamini ndilo neno la maana kuliko yote aliyoyasema tangu abatizwe, na aliyelisikia zaidi ni mbwa.

Gidabuday hakucheka tena. Alisema mbegu atatupa. Kondoo hataki, kondoo wa Dongobesh labda wana kikohozi. Lakini yeye jembe hashiki, mila haimruhusu na mgongo pia, na mke wake amechoka. Boma la zamani lile pale. Tulikwatue, tumwage mtama kabla ya mvua, halafu tubebe wetu twende.

Siku nne, jamani. Samadi ya miaka kumi, kavu juu, na chini ina moto kama uji. Siku ya kwanza Hermani alichomoa uzi kwenye mfuko wake akafunga kwenye kijiti, akaanza kuvuta mstari. Gidabuday alikuwa amekaa kivulini na mkongojo wake.

"Hiyo kamba ya nini?"

"Ili mtama ukae sawa, mzee."

"Unaogopa utapotea njia?"

Hermani akakunja uzi wake. Akachota mkononi, mtama na ulezi pamoja, akatupa. Alitupa kwa aibu, kama mwanamwali anayecheza ngoma mara ya kwanza. Kufika siku ya tatu alikuwa anatupa vizuri kuliko mimi, lakini msimwambie mtu, maana mimi ndiye niliyemfundisha.

Siku ya pili Hanang alikuwa amevaa kofia. Ya tatu kofia ikashuka mpaka mabegani. Ya nne tulimaliza jua likiwa juu, tukapewa mfuko mmoja wa ngozi, tukaondoka bila kunawa. Safari ya siku mbili tuliimaliza kwa moja na nusu. Gitting hatukulala, tulikaa tu kwenye jiwe tule viazi. Hermani akafungua mfuko kuhakikisha. Ndani kulikuwa na mtama mwekundu, ulezi, mavi ya mbuzi, majivu, na mbegu za mmea ambao hakuna aliyeujua. Nikaona kidole chake kimoja kinaanza kusogeza ulezi upande. Punje moja. Punje ya pili. Nilimpiga kofi la mkono, akashtuka kama aliyeamshwa. Akafunga mfuko, akanipa mimi niubebe.

Kuanzia hapo radi ilikuwa nyuma yetu. Hermani alikuwa anakimbia na kugeuka, anakimbia na kugeuka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake anaiomba mvua isije. Mtu wa kopo! "Subiri kidogo," alikuwa anaiambia, "subiri kidogo, mama." Mimi nilikimbia mbele kwa heshima, si kwa woga.

Tulifika kwangu tone la kwanza likianguka kwenye vumbi, lile tone kubwa linaloacha shimo. Benedikta alikuwa mlangoni na kibuyu mkononi. Ameshakishusha. Sijui alikuwa anakishusha ili akijaze au akivunje, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Hermani akanitua mfuko, akauweka miguuni pake. Alikuwa hana pumzi, ananuka boma. Benedikta akafungua, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa kilichokuja. Akakitazama kiganjani. Akanusa. Mtama wa mama ulikuwepo, mwekundu, na takataka zake zote.

"Hukuchambua?"

"Sikuchambua."

"Mchambuzi wangu anaumwa?"

"Amepona."

Akajaza kibuyu mpaka shingoni, akakipachika kwapani kwa Joakimu, akaniambia mimi niwabebe wadogo. "Twendeni kabla ardhi haijalowa sana," akasema. Alipompita mumewe akamkabidhi jembe. "Na wewe ulete hili. Kamba uiache hapa."

Mwaka ule mvua ilikuwa inchi thelathini na nane. Mtama haukuipenda, ulezi uliipenda sana, maharage niliyowapa mimi yalioza nusu, maboga yangu yakapanda mpaka juu ya paa. Na ule mmea usiojulikana ulikuwa magugu, bado tunayang'oa.

Msimu uliofuata ulipokaribia, Bwana Kilimo akarudi na kiti chake. Katika daftari alichukua mwaka wa njaa, ule wa inchi kumi na moja, na huu wa thelathini na nane, akaiongeza kwa ile mitano, akagawanya kwa saba. Ishirini na nane kasoro kidogo. Akasema imeshuka kidogo lakini bado inatosha mahindi matupu, akaomba kuliona shamba la mfano msimu ukikomaa. Hermani akasema, "Ndiyo, Bwana."

Na alilionyesha. Bwana Kilimo alikuja na motokaa, akasimama barabarani, kwa sababu chini kulikuwa na matope na buti zake zilikuwa mpya. Mbele yake ilinyooka mistari minne ya mahindi matupu, safi, yamepandwa kwa kamba kandokando ya barabara yote. Nyuma ya mistari hiyo minne kulikuwa na mnada: mtama umesimama juu ya maharage, ulezi umelala kwenye maboga. Mzungu aliandika kwamba mwenyeji huyu anaendelea vizuri. Hermani akamshukuru kwa Kiingereza.

Kopo aliendelea kulisoma mpaka Uhuru, kila siku saa tatu, hata baada ya Serikali kuacha kuuliza. Aliandika alichokikuta, akafunga daftari. Watu wakimwuliza mvua ya mwaka huu itakuwaje, aliwatuma kwa Zubery wakapimwe mashati.

Mtama wa mama bado upo. Benedikta, ingawa sasa ni bibi, kibuyu anakitundika mwenyewe na kukishusha mwenyewe. Wajukuu wanaruhusiwa kukishika, hata majirani wamepewa mbegu, na Gidabuday alipata wake mpaka alipokufa. Mimi peke yangu, kaka yake wa tumbo moja, niliyekimbia kutoka Hirbadaw na mfuko mgongoni, sipewi hata punje. Nikitaka mtama naletewa pombe iliyokwisha kupikwa, kikombe kimoja, naye anasimama palepale mlangoni mpaka nimalize.